Umelipa ushuru wa paking na gari bado limevutwa. Tunalipia nini hasa hapa Dar?

#1 Mkazi wa Tabata

Wakuu, habari za muda huu.

Naomba hili tulijadili kwa uzito maana linatuumiza wengi. Hivi karibuni nilikwenda mjini kufuatilia hati, nikaegesha kwenye mtaa mmoja nyuma ya Samora. Magari yamejipanga toka kona hadi kona, nafasi imebaki moja, nikaingia. Sijazima hata injini, kijana mwenye reflekta kashafika, kapiga picha namba ya gari, kaingiza kwenye mashine. Nikalipa kwa simu palepale, ujumbe wa malipo ukaingia, nikaondoka na amani yangu.

Narudi, gari halipo. Mlinzi wa duka ananiambia limevutwa, eti lilikuwa karibu mno na kona. Kufika yadi nadaiwa gharama ya kuvuta, gharama ya kulaza gari, na faini juu. Nikatoa simu nikaonyesha malipo. Jibu la yule bwana wa yadi: "Huo ni ushuru. Hili ni kosa. Havihusiani."

Sasa naomba wenye uelewa mnisaidie. Kama pale hapafai kuegesha, aliyepokea hela yangu alikuwa anauza nini? Na kama panafaa, aliyevuta alivuta kwa mamlaka gani? Msimamo wangu ni kwamba tunaambiwa kila siku Dar nafasi hazitoshi, lakini shida ya kwanza ni kwamba anayekusanya hela hana habari na utaratibu wa mtaa, na anayesimamia utaratibu hana habari na hela.

Nawasilisha.

#2 Wakili Kisutu

Pole sana mkuu. Kisheria yule bwana wa yadi hakukudanganya, ingawa inauma. Kuna mambo mawili yanatembea sambamba. Ushuru wa maegesho ni tozo ya kutumia barabara ya mji, unatoka kwenye kanuni za mamlaka inayosimamia barabara na maegesho. Kuegesha sehemu ya hatari au kuziba njia ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, na hilo ni la polisi. Risiti ya la kwanza haifuti la pili.

Hata hivyo una hoja. Mamlaka ya umma ikikupokelea hela kwa kutumia mahali fulani, mwananchi wa kawaida ana haki ya kuamini kwamba pale panaruhusiwa. Ningekuwa wewe ningeandika barua ya malalamiko yenye saa ya malipo, saa gari lilipovutwa, na picha ya ile kona. Picha ndiyo muhimu kuliko vyote.

#3 Binti Temeke

Mkuu #1, na wewe umeona kona kabisa ukaingia? Hahaha. Pole lakini.

#4 Mkazi wa Tabata

@Binti Temeke kona gani wakati hakuna mstari? Nilirudi kesho yake kupiga picha kabla hata sijasoma ushauri wa Wakili. Ukiinama ukatazama lami vizuri unaona chembechembe za rangi ya njano zimebaki kwenye matundu ya kokoto. Dereva aliye ndani ya gari hawezi kuziona. Kibao hakuna. Kuna nguzo tu, kibao chenyewe hakipo.

#5 Mzee wa Gerezani

Vijana, tuanzie nyuma kidogo. Sisi tumelipa paking mji huu tangu enzi za kikaratasi kinachobanwa chini ya waipa. Kampuni binafsi zilipewa mkataba na Halmashauri ya Jiji, zikakusanya, zikafunga minyororo magari, watu wakagombana nazo mpaka basi. Baadaye barabara za mitaa zikapelekwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017, na maegesho yakafuata huko. Septemba 2021 ukaja mfumo wa kielektroniki: vikaratasi basi, unapigwa picha, unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu. Malalamiko yakawa mengi hadi waziri wa TAMISEMI (serikali za mitaa) wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akausimamisha kwa muda ili urekebishwe.

Ninachotaka mkione ni hiki: kila mabadiliko yaliyokuja yalihusu namna ya KUKUSANYA. Karatasi, mashine, simu. Hata mara moja sikusikia mabadiliko yanayohusu wapi paegeshwe, kwa muda gani, na nani aanze kupewa. Na kuanzia Februari 2021 Jiji lenyewe lilivunjwa, hakuna tena Halmashauri ya Jiji.

#6 Chuo cha Ardhi

Shikamoo mzee wa Gerezani. Historia nzuri, ila pale mwisho naweka sawa. Halmashauri ya Jiji ya zamani, ile iliyokuwa juu ya manispaa zote, ndiyo iliyovunjwa. Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo Jiji lipo, ila mipaka yake ni ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea.

Na hili lina uzito kwenye mada. Mtu anatoka Kimara (Ubungo), anapita Magomeni (Kinondoni), anaegesha Kariakoo (Ilala). Safari moja, halmashauri tatu, na gari ni lilelile. Hakuna aliye juu yao wote anayepanga maegesho ya mkoa mzima kama kitu kimoja.

#7 Konda wa Zamani

Nimeweka kambi hapa, endeleeni.

#8 Nilishika Mashine

Niongee kama mtu aliyewahi kuifanya hiyo kazi, sitataja chini ya nani. Asubuhi unapewa mashine na mtaa wako. Jioni unaulizwa kitu kimoja: umeingiza magari mangapi na hela iliyoingia ni ngapi. Hakuna siku niliulizwa kama kuna gari limeziba geti la watu, au limekaa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Mnasema tusiandike gari lililokaa kwenye kona. Sawa, nisipoliandika nini kinatokea? Dereva haondoki. Atakaa palepale bure, hesabu yangu inapungua, na msimamizi anayepita na pikipiki anahesabu magari ya mtaa wangu kisha analinganisha na mashine. Likionekana gari ambalo halimo, mimi ndiye mwizi. Kwa hiyo unaandika kila chenye magurudumu.

Na mtuonee huruma kidogo. Tunatukanwa kuanzia saa moja asubuhi. Kuna mama mmoja aliniburuza hatua kadhaa nimeshika kioo cha gari, kwa sababu ya shilingi 500. Kijana mwenye mashine hana mamlaka ya kukuambia "hapa usiegeshe". Hakufundishwa, na hata akisema utamuuliza yeye ni trafiki?

#9 Mkazi wa Tabata

@Nilishika Mashine asante kwa uwazi. Hapo umejibu sehemu kubwa ya swali langu.

#10 Duka la Aggrey

Mimi nipo Kariakoo na naona tofauti kabisa. Mnalaumu ushuru, mbona hamsemi kuhusu sisi wenye maduka na walinzi wetu? Mtaani kwangu kila mbele ya duka kuna ndoo iliyojazwa zege na bomba limesimama katikati. Wengine wanaweka tairi bovu, wengine kigoda. Ukitaka kuegesha, kijana anakuja: "Hapa pana mtu, bosi anakuja." Ukimpa buku mbili bosi hatakuja tena. Nafasi ya barabara ya serikali imekodishwa mara mbili: kwanza na mlinzi, halafu na mwenye mashine.

Mimi mwenyewe niliondoa ndoo yangu. Wiki haikuisha, jirani akasogeza ya kwake mpaka mbele ya mlango wangu. Utaratibu ukisubiri uungwana wa mtu mmoja mmoja hauwezi kusimama.

#11 Mwenye Nyumba Ilala

Lakini @Duka la Aggrey mbele ya duka lako si pako? Umelipia kiwanja na kodi unalipa.

#12 Wakili Kisutu

Hapana. Kiwanja kinaishia kwenye mpaka wa kiwanja. Mbele ya hapo ni hifadhi ya barabara. Hakuna mwenye duka, hoteli wala ofisi mwenye haki ya kuweka ndoo pale bila kibali.

#13 Mwenye Nyumba Ilala

Hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Kwa hesabu hiyo Kariakoo yote ipo barabarani, tuhame.

#14 Chuo cha Ardhi

Hizo mita 30 ni za barabara kuu na za mikoa, zile zilizo chini ya TANROADS, baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 kuongeza kutoka mita 22.5. Mitaa ya ndani ya mji kama Aggrey au Sikukuu upana wake unafuata mchoro wa mipango miji wa eneo husika. Usiwatishe watu.

Ila ngoja nilete hoja nyingine ambayo mpaka sasa haijaguswa: BEI. Kwa muda mrefu tumezoea 500 kwa saa, na 500 hiyo ni ileile saa mbili asubuhi Posta mji umejaa, na saa nane mchana kwenye mtaa uliolala. Kuna profesa wa California, Donald Shoup, alitumia maisha yake kufundisha jambo moja: bei ya kuegesha mtaani ipangwe kiasi kwamba kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili wazi muda wote. Ikijaa, bei iko chini mno. Ikiwa tupu, bei iko juu mno. San Francisco walijaribu kupanga bei kwa mtaa na kwa saa kwa mwendo huo.

Tazameni Samora na Azikiwe. Saa moja na nusu asubuhi mitaa imeshajaa, na waliojaza ni wafanyakazi wa maofisini watakaokaa mpaka jioni. Mteja anayetaka dakika kumi za duka la dawa anazunguka mpaka anakata tamaa, mwisho anaegesha kwenye kona. Ndipo anavutwa. Yaani @Mkazi wa Tabata alivutwa kwa sababu ya bei.

#15 Binti Temeke

Huyo Shoup aje Kariakoo siku mbili za kuelekea Idi, tuone kama atapata hiyo nafasi moja wazi.

#16 Chuo cha Ardhi

Alifariki Februari 2025, kwa hiyo atusamehe. Hoja yake ipo palepale.

#17 Mfanyakazi wa Posta

Napinga #14 kwa nguvu zote. Mimi ndiye huyo unayemsema, naegesha asubuhi naondoka jioni. Unataka bei ipande ili niache gari? Sawa, nipande nini? Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 niliacha gari nyumbani kabisa, Kimara hadi Kivukoni, raha tupu. Baadaye foleni ya kituoni ikawa ndefu, mabasi pungufu, unafika ofisini shati limejikunja kama limetoka kwenye kamba. Nikarudi kwenye gari.

Ukipandisha bei kabla usafiri wa umma haujakaa sawa, unamkomoa mwenye kipato cha kati. Mkurugenzi hatagusika. Ana paking chini ya jengo na dereva anamsubiri.

#18 Kirikuu wa Msimbazi

Nyote mnaongelea gari dogo. Naomba msikilize na sisi tunaobeba mizigo. Naendesha kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, Kariakoo. Mteja katoka Lubumbashi au Lusaka, kanunua marobota kwenye maduka matano mitaa tofauti, anataka yote yafike stoo leo. Kila duka nahitaji dakika kumi na tano za kusimama. Nafasi ya kupakia na kushusha iko wapi? Haipo. Kwa hiyo nasimama safu ya pili, nawasha taa za hatari, utingo anakimbia na robota, nyuma yangu guta, nyuma ya guta kanta, honi zinalia mpaka Gerezani.

Anakuja wa ushuru: andika. Anakuja trafiki: shilingi 30,000. Mgambo naye ana lake. Kwa siku ya kazi mbaya, pesa ya mzigo yote imeishia kwa watu wenye reflekta za rangi tofauti.

Kila mtaa wa Kariakoo ungetengewa nafasi mbili tu za mizigo, dakika ishirini kila gari, nusu ya vurugu hii isingekuwepo. Hilo halihitaji mfumo wa kompyuta, ni rangi na kibao.

#19 Duka la Aggrey

@Kirikuu wa Msimbazi umeongea kila kitu. Naunga mkono hoja.

#20 Mzee wa Gerezani

Kijana wa kirikuu ana hoja, ila nafasi mbili za mizigo ukiziweka leo, kesho asubuhi utakuta IST mbili zimeegeshwa humo na wenyewe wamekwenda kazini Mnazi Mmoja. Rangi bila msimamizi ni mapambo.

#21 Nilishika Mashine

Na msimamizi akiwekwa, naye ataanza kuziuza hizo nafasi mbili. Mtaniambia.

#22 Fundi Jengo

Wengine wote mnazunguka mbuyu. Tatizo ni majengo. Mchoro unaopelekwa kuombewa kibali una paking chini ya jengo, mistari imechorwa vizuri kabisa. Jengo likishakamilika, ile paking inagawanywa kwa mbao na vioo, inakuwa maduka na stoo, kwa sababu Kariakoo chumba kidogo cha biashara kinaingiza kodi ambayo gari halitaingiza hata siku moja. Kisha wapangaji wote hamsini wa jengo hilo, na wateja wao, wanaegesha mtaani. Halafu mnamlaumu kijana mwenye mashine.

Japani ukitaka kusajili gari lazima uonyeshe cheti cha polisi kwamba una mahali pa kuliegesha. Sheria yao ya tangu miaka ya 1960. Na magari yetu mengi yanatoka kwao: Vitz, Passo, IST. Tumechukua magari, utaratibu tumeuacha bandarini kwao.

#23 Mfanyakazi wa Posta

@Fundi Jengo kwa nyumba za Dar hiyo sheria ingewafaa Masaki tu. Mpangaji wa Sinza au Mwananyamala anaegesha nje ya geti la mwenye nyumba, na wote tunaishi hivyo. Ungekuwa umewanyima gari watu wote wasio na uwanja.

#24 Fundi Jengo

Sisemi tuchukue yote. Nasema anayetoa kibali cha jengo arudi kukagua baada ya miaka miwili kama paking bado ni paking. Basi.

#25 Mlezi wa Upanga

Samahani nachelewa kuingia. Nimesoma posti zote na naona mmesahau watu wasio na gari.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu, namsukuma kliniki Upanga, hospitali iko karibu na tunapoishi. Njia ya waenda kwa miguu ipo, imejengwa vizuri, ina mteremko wa kushukia. Lakini magari yamepandishwa juu yake, magurudumu mawili barabarani na mawili juu. Na pale kwenye mteremko, mahali pekee kiti kinapoweza kushuka, pana gari karibu kila ninapopita, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi ya kupandia. Kwa hiyo tunashuka barabarani, daladala na bodaboda zinatupita ubavuni, mama ananishika mkono kwa nyuma asiniambie kitu.

Na gari lile limeshaandikwa ushuru. Namwona kijana akilipiga picha, amesimama kwenye uleule mteremko. Nilimuuliza kwa upole kwa nini anapokea hela ya gari lililokaa pale. Akaniambia, "Dada, mimi naandika tu." Nimesoma #8 leo na nimemwelewa zaidi kuliko siku ile. Lakini naomba wenye magari humu, mnaposema nafasi hazitoshi, mjue ile mnayoipata juu ya njia ina mwenyewe.

#26 Mkazi wa Tabata

@Mlezi wa Upanga hili limenigusa. Mfikishie mama salamu. Ndiyo maana nasisitiza: mfumo ungekuwa unakataa kupokea hela ya mahali pasiporuhusiwa, kila mtu angejua. Mashine inapiga picha tayari. Ipewe na ramani.

#27 Wakili Kisutu

Wazo zuri, lakini kumbuka #8: ramani ikikataa, hela inapungua. Nani atakubali?

#28 Nimenunua Juzi

Wakuu, natoka nje ya mada kidogo. Nimenunua gari kwa mtu, tumebadilishana kadi, kila kitu safi. Kuja kuangalia nakuta deni la paking la mtaani ambako sijawahi kukanyaga, na faini juu kwa kuchelewa kulipa. Muuzaji simu hapokei. Nafanyaje?

#29 Dalali wa Mwenge

Deni linaandikwa kwenye namba ya gari, halimfuati dereva. Ndiyo maana kabla hujatoa hela unaangalia mambo mawili kwa namba ya gari: deni la trafiki na deni la maegesho. Yote yanaonekana kwenye simu, dakika tano. Mengine tunayakata kwenye bei. Kwa sasa lipa uwe huru, au kama una mkataba wa mauziano wenye tarehe, nenda nao ofisini ukaeleze kwamba madeni ni ya kabla yako.

#30 Nilishika Mashine

Aangalie pia kama picha ni ya gari lake. Ukiwa na haraka herufi kama B na D zinachanganyika, hasa kibao kikiwa na vumbi. Aombe aonyeshwe picha. Ikiwa ni gari jingine, anayo haki ya kufutiwa.

#31 Nimenunua Juzi

Asanteni sana. Nakwenda Jumatatu na mkataba.

#32 Konda wa Zamani

Mpaka hapa nimehesabu wahalifu: mashine, mlinzi, bei, jengo, mwendokasi, na IST. Trafiki kaponaje?

#33 Kirikuu wa Msimbazi

Trafiki yupo #18, soma vizuri.

#34 Chuo cha Ardhi

@Mfanyakazi wa Posta nimefikiria hoja yako. Bei ikipanda, hela ya mtaa huo irudi mtaa huohuo: rangi, vibao, njia ya mama wa #25, na vituo vya mwendokasi. Ndivyo Shoup mwenyewe alivyosisitiza, mapato yabaki pale yalipokusanywa watu wayaone. Ungekubali hapo?

#35 Mfanyakazi wa Posta

Nionyeshwe rangi kwanza, bei baadaye. Kwa mpangilio huo nakubali. Kinyume chake sikubali.

#36 Mzee wa Gerezani

Na aliyepewa jukumu la kukusanya atasema hana fungu la rangi mpaka bei ipande. Nimeyasikia haya tangu vikaratasi.

#37 Binti Temeke

Jamani mimi nina shida ya leo. Jumamosi naenda Kariakoo kuchukua vitambaa vya sare za harusi, majora kama kumi. Naegesha wapi nisivutwe?

#38 Duka la Aggrey

Usiingie na gari ndani kabisa. Acha Mnazi Mmoja au upande wa Lumumba mapema, kabla ya saa mbili, kwenye sehemu yenye mistari inayoonekana. Ingia kwa miguu, nunua, halafu mpe mtu wa guta akuletee majora mpaka kwenye gari. Patana bei kabla hajapakia.

#39 Kirikuu wa Msimbazi

Au nipigie, nakuja mpaka dukani. Namba nakutumia inboksi. Ila nikiandikwa ushuru nikiwa nakusubiri upime vitambaa, huo ni wako.

#40 Binti Temeke

Sawa, ushuru wangu. Lakini ukisimama kwenye kona hiyo ni yako.